Kompyuta Juu ya Kaunta, Daftari Chini Yake: Kwa Nini Kampuni Hukwama Katika Mageuzi ya Kidijitali

Wiki chache zilizopita nilikwenda kununua mifuko 20 ya saruji katika duka moja la vifaa vya ujenzi huku Igoma, upande wa mashariki wa Jiji la Mwanza. Juu ya kaunta palikuwa na kompyuta mpya, mashine ya risiti, na kibao chenye lipa namba za mitandao mitatu. Dada wa kaunta alibofya mara mbili tatu, akatazama kioo, akasema, "Mfumo unaonyesha ipo mifuko 140, lakini subiri kwanza nimuulize mtunza stoo, kaka." Mtunza stoo akajibu kwa simu kwamba ipo kama 60 hivi. Dada akainama, akatoa kutoka chini ya kaunta daftari kubwa, lile liitwalo kaunta buku, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, akaandika jina langu na idadi ya mifuko, kisha akaniomba nikae kwenye benchi, kwa kuwa mzigo unaozidi mifuko 10 hautoki bila bosi kuidhinisha, na bosi alikuwa njiani akirudi kutoka Bunda. Nilikaa dakika 45. Bango la mlangoni lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba duka hilo limehamia kidijitali.

Siku hizi hapa mjini neno "kidijitali" linabebeshwa mzigo mzito. Kampuni ikifungua ukurasa wa Instagram, imeenda kidijitali. Ikipokea malipo kwa simu, imeenda kidijitali. Ikinunua kompyuta 10 na kumwajiri kijana wa kuzitunza, nayo inasema hivyo hivyo. Kisha mteja anafika dirishani, anaambiwa kwamba mfumo uko chini au mtandao unasumbua, anarudi mikono mitupu, na jioni kijiweni linazuka swali: ikiwa fedha zote hizo zimetumika, imekuwaje huduma ikachukua muda mrefu kuliko enzi za daftari? Wapo wanaojibu kwamba teknolojia ni mambo ya wenzetu wa mbali, na wapo wanaosema kwamba wafanyakazi wetu ni wavivu wa kujifunza. Kwa maoni yangu, wote wanautafuta ugonjwa mahali usipokuwapo. Kompyuta ya Igoma ilikuwa nzima, na dada yule aliitumia kwa wepesi. Kilichokwama ni mpangilio wa kazi: nani anajua nini, nani anaruhusiwa kuamua, na nani anapata riziki yake kutokana na njia ya zamani.

Kivuko na daraja

Kabla ya kwenda mbali, inafaa kutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku hufungwa furushi moja. La kwanza ni kuhamisha kumbukumbu: kilichokuwa kwenye karatasi kinaingizwa kwenye kompyuta au simu, basi. Orodha ya wadaiwa iliyokuwa kwenye daftari sasa iko kwenye jedwali la kompyuta, lakini ni orodha ile ile. La pili ni kuharakisha kazi: kampuni inazitumia kumbukumbu hizo kufanya kazi ile ile kwa muda mfupi zaidi, kwa mfano kutoa ankara kwa dakika moja badala ya 10. La tatu, ambalo ndilo mageuzi ya kidijitali kwa maana yake kamili, ni kuibadilisha kazi yenyewe: hatua zilizokuwapo zinafutwa, maamuzi yanahamia kwa watu wengine, na pengine hata namna kampuni inavyopata fedha inageuka.

Mkazi wa Mwanza hana haja ya mfano wa ugenini. Kwa miaka mingi, aliyetaka kwenda Sengerema au Geita kwa barabara alifika Kigongo, akapanga foleni, akavuka kwa kivuko hadi Busisi. Tuseme tiketi za kivuko zingeuzwa kwa simu: abiria asingesimama dirishani, lakini bado angesubiri kivuko kirudi kutoka ng'ambo. Tuseme kivuko kingefungwa injini zenye nguvu zaidi: safari ya majini ingefupika, lakini ratiba ingebaki, foleni ya malori ingebaki, na mgonjwa aliyefika usiku wa manane bado angetegemea wahudumu wa zamu. Lilipofunguliwa daraja la J. P. Magufuli, Juni 2025, lenye urefu wa takribani kilomita 3, ratiba yenyewe ilikoma. Dereva anayetoka Geita leo hapangi safari yake kwa kufuata saa za chombo chochote. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuharakisha na kugeuza.

Daraja linatufundisha na jambo la pili, ambalo wauzaji wa mifumo hawalitaji kwenye mikutano yao. Pale kivukoni walikuwapo mama lishe, vijana wa maji na soda, wauza samaki wa kukaanga na karanga, ambao biashara yao yote ilisimama juu ya watu wanaosubiri. Mteja wao, tukiliangalia jambo kwa makini, alikuwa ni ule ucheleweshaji wenyewe. Hawakuwa wezi wala wavivu. Walikuwa watu waliojenga maisha halali juu ya pengo lililokuwapo. Ndani ya kila kampuni yenye umri wa miaka kadhaa wamo watu wa namna hiyo, wenye vyeo na meza, ambao umuhimu wao unatokana na pengo fulani la taarifa. Mfumo unapokuja kuliziba pengo, unawajia wao kwanza.

Injini mpya, mikanda ile ile

Anayezikumbuka mashine za kusaga za dizeli huko vijijini ataelewa haraka kisa kifuatacho. Injini moja ilizungusha mhimili, mikanda ikapeleka nguvu kwenye kinu cha kukoboa na cha kusaga, na kila kinu kiliwekwa pale mkanda ulipofika, si pale ambapo kazi ingekuwa rahisi. Viwanda vya Ulaya na Marekani vya karne ya 19 vilijengwa kwa mantiki hiyo hiyo, ila kwa ukubwa wa kutisha: injini moja ya mvuke, mihimili mirefu chini ya dari, mikanda isiyohesabika, na majengo ya ghorofa kadhaa ili mashine zikae karibu na chanzo cha nguvu. Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme cha Pearl Street, New York, mwaka 1882. Wamiliki wengi wa viwanda, walipoanza kununua mota za umeme, walifanya jambo moja rahisi: waling'oa injini ya mvuke, wakaweka mota kubwa mahali pale pale, wakaiacha mihimili na mikanda ilivyokuwa. Gharama ya nishati ikapungua kidogo, na hapakuwa na kingine cha kusimulia.

Mwanahistoria wa uchumi Paul David, katika makala aliyoichapisha mwaka 1990, alionyesha kwamba manufaa makubwa ya umeme viwandani yalikuja hasa katika miaka ya 1920, yaani takribani miaka 40 baada ya Pearl Street, pale kila mashine ilipopewa mota yake ndogo. Hapo ndipo mikanda ilipoondoka, majengo yakashuka kutoka ghorofani na kutandazwa chini, mashine zikapangwa kufuata mwendo wa mali badala ya mwendo wa mhimili, na fundi akaweza kuzima mashine yake bila kusimamisha kiwanda kizima. David alikuwa akiwajibu wachumi wenzake waliokuwa wakishangaa, kama Robert Solow alivyoshangaa mwaka 1987, kwamba kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa katika takwimu za tija. Jibu lake lilikuwa kwamba mota zimekwisha kufungwa, lakini mikanda bado haijaondolewa.

Turudi Igoma. Kanuni ya kwamba mzigo unaozidi mifuko 10 sharti uidhinishwe na bosi haikuwa ya kipuuzi ilipowekwa. Ilitungwa wakati ambapo hapakuwa na njia ya kujua, kabla ya jioni, fedha kiasi gani imeingia na mzigo kiasi gani umetoka, na macho ya mwenye mali ndiyo yaliyokuwa ulinzi pekee. Leo fedha yangu ilikwisha kuingia kwa simu, ujumbe ukafika, na bosi mwenyewe aliuona akiwa garini. Sababu ya kanuni imekufa, kanuni ikabaki hai. Hiyo ndiyo mikanda, na hakuna programu inayojua kuikata, kwa kuwa programu hufanya kile ilichoambiwa. Ukiiambia isubiri idhini ya bosi, itasubiri kwa uaminifu kuliko mfanyakazi yeyote.

Tusidhani kwamba haya ni ya maduka ya pembezoni tu. Lidl, kampuni kubwa ya maduka ya vyakula ya Ujerumani, iliuacha mradi wake wa mfumo mpya wa usimamizi wa bidhaa mwaka 2018, baada ya kuufanyia kazi kwa takribani miaka 7 na kutumia fedha ambazo vyombo vya habari vya huko vilizikadiria kuwa kama euro milioni 500. Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba Lidl ilizoea kuthamini shehena yake kwa bei ya kununulia, ilhali mfumo ulijengwa kwa bei ya kuuzia. Kampuni haikutaka kubadili desturi yake, ikalazimu mfumo ukatwe na kushonwa upya kila upande. Mfano wake ni mtu anayenunua suti iliyoshonwa tayari, kisha anamtaka fundi aifumue yote ifanane na kanzu yake ya zamani. Atalipia suti, atalipia ufundi, na mwisho hatakuwa na suti wala kanzu.

Kisa cha Kodak husimuliwa zaidi, na husimuliwa vibaya. Ni kweli kwamba mhandisi wake, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kidijitali mwaka 1975, chombo chenye uzito wa kama kilo 3.6 kilichochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kanda. Si kweli kwamba kampuni ilifumba macho hadi ikafa. Ilitumia fedha nyingi katika teknolojia hiyo, na mwaka 2005 ilikuwa inaongoza kwa mauzo ya kamera za kidijitali nchini Marekani. Shida ilikuwa mahali ilipopatia faida yake. Aliyepiga picha hapa Mwanza katika miaka ya 1990 alinunua mkanda wa picha 36, akaupeleka studio, akalipia kusafisha, akalipia karatasi ya kila picha. Kamera ilinunuliwa mara moja, mkanda ukanunuliwa kila sherehe. Kamera ya kidijitali ilifuta malipo yote hayo ya baadaye. Kodak ilikuwa ikiombwa ijenge daraja ilhali riziki yake ilikuwa kivukoni, na Januari 2012 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Fujifilm ya Japani, iliyokuwa na biashara kama hiyo, ilijiuliza inajua nini zaidi ya picha, ikagundua kwamba inajua kemia, ikahamia kwenye utando wa vioo vya kompyuta na televisheni, vipodozi na dawa.

Aliyesimama kwenye mizani

Ukanda huu wa ziwa una historia yake kuhusu taarifa na madaraka, na mimi huiona kuwa somo bora kuliko kisa cha Kodak. Mapema miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakilalamika kwamba wanapunjwa katika mizani ya wanunuzi. Hawakuomba mizani ya kisasa zaidi. Walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu waliosimama pale mzigo unapopimwa na kusoma uzito kwa niaba ya mkulima, na kutokana na juhudi za namna hiyo kikakua chama cha ushirika kilichoanzishwa Mwanza mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, ambacho baadaye kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mizani ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nani anaisoma.

Kampuni nyingi leo hufanya kinyume chake: zinanunua mizani mpya na kumwacha msomaji yule yule peke yake. Chukua mtunza stoo. Kwa miaka 15 amekuwa mtu pekee anayejua kilichomo stoo, na kwa sababu hiyo anapigiwa simu na keshia, na dereva, na bosi, hata siku ya Jumapili akiwa kanisani. Ujuzi huo ndio ajira yake, na ndiyo heshima yake. Mfumo unapokuja, anaombwa auingize ujuzi wake wote kwenye kompyuta ambayo kila mtu ataweza kuisoma, bila kuambiwa atakuwa nani baada ya hapo. Hatagoma. Atachelewa kidogo kuingiza mzigo, atakosea kidogo idadi, na kila mfumo utakapotoa jibu la uongo, watu watarudi kumpigia simu. Si lazima awe amekusudia. Nilipomuuliza dada wa Igoma kwa nini kioo kilisema 140, alieleza bila kuficha kwamba mzigo unaoingia huandikwa siku ile ile, lakini unaotoka huhamishwa kutoka kaunta buku kila Jumamosi, "kwa sababu katikati ya wiki tuna wateja".

Juu ya mtunza stoo yupo meneja, na juu ya meneja yupo mwenye kampuni, na huko juu ndiko ugumu ulikojificha zaidi. Mwenye kampuni hutangaza mageuzi, kisha humkabidhi kijana wa kompyuta ayatekeleze. Kijana huyo anaweza kufunga seva, kutandaza nyaya na kufundisha watu wapi pa kubofya. Hawezi kumwambia mke wa bosi kwamba sasa hatachukua mzigo stoo bila kuandikiwa. Hawezi kufuta cheo cha mtu aliyemzidi umri kwa miaka 20. Anabaki na lawama za mradi ambao sehemu yake ngumu haikuwa ya kompyuta hata siku moja.

Mali kauli, na vingine ambavyo kioo hakivioni

Biashara ya huku kwetu, hasa ya jumla, huendeshwa kwa mali kauli: mfanyabiashara wa Kirumba au Sengerema anachukua mzigo leo kwa neno lake, anauuza, kisha anarudi na fedha. Nani apewe, kwa kiasi gani, na asubiriwe muda gani, ni maarifa yaliyomo kichwani mwa bosi. Anajua kwamba mama fulani hulipa kila mnada unapokwisha, kwamba mzee fulani hachelewi isipokuwa msimu wa pamba ukiharibika, na kwamba kijana fulani alilipa vizuri mara tatu ili ya nne akimbie. Mfumo ulioletwa kutoka mbali unao ukurasa wa mikopo, lakini unadai tarehe ya kulipa, na "mnada ukiisha" si tarehe. Basi mkopo unabaki kwenye daftari la bosi, mauzo yanabaki kwenye kompyuta, na hesabu mbili za kampuni moja haziwezi kukutana kamwe.

Si haki kuliita jambo hili ushamba. Mali kauli ni huduma ya fedha iliyokomaa, yenye kumbukumbu, dhamana ya heshima na adhabu ya kutengwa. Anayetaka kuigeuza kampuni ya namna hiyo lazima akae chini aelewe kanuni zake kwanza, maana programu inaweza kuandikwa kanuni yoyote inayoweza kutamkwa, na haiwezi kuandikwa kanuni ambayo mwenyewe hajawahi kuisema kwa sauti.

Lugha nayo huchangia. Menyu nyingi ziko kwa Kiingereza, na wanaozitumia hufikiri kwa Kiswahili au Kisukuma. Katika duka lile lile bidhaa moja ilikuwa imeingizwa kama "saruji", kama "simenti", na mara ya tatu kwa jina la kiwanda. Kwa mfumo hizo zilikuwa bidhaa tatu, kila moja na shehena yake. Kukatika kwa umeme, gharama ya intaneti na leseni zinazotozwa kwa dola ni matatizo ya kweli, lakini ni matatizo yanayoonekana, na yanayoonekana hupata suluhisho mapema: betri, jenereta, laini ya pili. Kampuni yenye jenereta mpya na kanuni za zamani itakwama gizani na itakwama kwenye mwanga.

Yasemwayo na yalivyo

Husemwa kwamba wazee ndio wanaokwamisha. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008, na leo bibi wa Ukerewe au Kwimba ambaye hajawahi kuketi mbele ya kompyuta anapokea fedha kutoka kwa mjukuu wake, anakagua salio, na akiona makato yamezidi anamuuliza wakala kwa ukali. Alijifunza kwa sababu jambo lenyewe lilimwondolea safari ya basi na hofu ya kutuma bahasha kwa kondakta. Mfanyakazi wa miaka 55 anayeonekana kukataa mfumo kazini mara nyingi ndiye huyo huyo anayelipia king'amuzi na umeme kwa simu nyumbani. Muulize mfumo umempunguzia nini, na kama jibu ni kwamba sasa anaandika mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye daftari, basi amekwisha kukupa utafiti mzima bila malipo.

Husemwa pia kwamba mfumo huondoa wizi. Chukua kampuni inayonunua samaki. Mfumo hauoni samaki. Unaona tarakimu iliyoandikwa na mtu aliyemwona samaki. Kilo zikipunguzwa pale mwaloni, samaki wanaposhushwa, kabla ya kuandikwa, kompyuta zote za ofisini zitajumlisha uongo kwa usahihi mkubwa. Wizi huhama kutoka kwenye daftari hadi pale taarifa inapoingilia, na hapo ndipo panapohitaji watu wawili, kama wale wakulima wa pamba walivyojua. Upande wa pili wapo wenye biashara wanaouogopa mfumo kwa sababu iliyo kinyume: wanahofia kwamba kumbukumbu safi ni mwaliko kwa mkusanya kodi, kwa hiyo wanaendesha vitabu viwili kwa makusudi, kisha wanashangaa kwamba uwekezaji hauleti faida. Hauwezi kuleta, kwa sababu umeagizwa usijue ukweli.

Na husemwa, hasa na washauri wanaotaka kuajiriwa, kwamba asilimia 70 ya miradi ya mabadiliko hushindwa. Takwimu hiyo imezunguka dunia nzima. Michael Hammer na James Champy, walioitaja katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu kupanga upya kazi za kampuni, walisema wenyewe kwamba ni makadirio yasiyo ya kisayansi, ya kati ya asilimia 50 na 70. Mark Hughes wa Chuo Kikuu cha Brighton, Uingereza, aliifuatilia mwaka 2011 pamoja na nyingine zinazofanana nayo, na hakupata ushahidi thabiti nyuma yake. Ugumu upo, lakini haujapimwa kwa usahihi huo, na anayeinukuu bila kusita anastahili kuulizwa aliipata wapi.

Palipofanikiwa

Yapo mageuzi yaliyokamilika ambayo tumeyazoea hadi tumesahau kuyahesabu. Malipo ya serikali kwa namba ya kumbukumbu, ile inayoitwa na kila mtu "kontro namba", yalianza mwaka 2017. Kabla yake mlipaji alikwenda benki, akajaza karatasi, akairudisha ofisini ili aandikiwe stakabadhi, na baina ya madirisha hayo mawili fedha na karatasi ziliweza kupotezana. Kontro namba haikuliharakisha dirisha la pili. Ilifuta haja yake, kwa kuwa malipo na deni vinatambuana vyenyewe. Kweli, zipo ofisi ambazo hadi leo zitakuomba uchapishe risiti uwapelekee nakala, na mimi nimekwisha kupeleka nakala kadhaa za kitu ambacho karani alikuwa akikitazama kwenye kioo chake. Huo ni mkanda uliosahaulika darini.

M-Pesa nayo ina jambo la kuangaliwa. Haikuletwa na benki, ingawa benki zilikuwa na fedha, wataalamu na miaka mingi ya uzoefu. Ililetwa na kampuni za simu, ambazo tayari zilikuwa na maelfu ya vibanda vya kuuza vocha, na ambazo hazikuwa na kaunta, majengo wala mameneja wa matawi wa kuwalinda. Benki zilifuata baadaye kwa uwakala wao, wakati mwingine katika vibanda vile vile. Ukubwa haukuwazuia wenye benki kuona kilichokuwa kikija. Walikiona vizuri sana kutoka madirishani. Ila kila hatua ya kukifuata ilipunguza thamani ya kitu walichokuwa wamekijenga, na si rahisi kwa mtu kupiga kura dhidi ya jengo lake mwenyewe.

Kwa hiyo anayeuliza kampuni ianzie wapi, jibu langu halianzi na programu. Lianze na kaunta buku. Lifunguliwe, lisomwe ukurasa kwa ukurasa, na kwa kila kitu kilichoandikwa humo ambacho kilipaswa kuwa kwenye mfumo, iulizwe sababu, bila kumfokea aliyeandika. Daftari lile si uasi. Ndiyo ramani ya mahali mfumo unapopishana na kazi halisi.

Kampuni moja ndogo ya kusambaza vinywaji ninayoifahamu hapa mjini ilifanya karibu na hivyo. Mwenye kampuni na keshia wake walikaa jioni mbili mfululizo, simu zikiwa zimezimwa, wakaandika jina la kila mteja wa mali kauli, kiwango ambacho angeweza kuchukua bila kuuliza, na kwa lugha ya kawaida, lini hutarajiwa kulipa. Kijana wa kompyuta aliviingiza viwango hivyo kwenye mfumo ule ule waliokuwa wakiulaumu kwa miaka miwili, na keshia akapewa ruhusa ya kutoa mzigo ndani ya viwango hivyo. Siku ya tatu bosi alisafiri kwenda Bukoba. Siku ya nne alipiga simu dukani mwenyewe, akiwa na hasira kidogo, kuuliza kwa nini tangu jana hakuna mtu aliyempigia.